Peremende, Urithi na Wajibu wa Kiswahili

Waswahili hunena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwamba maji hufuata mkondo. Misemo hii imebeba hekima ya watu waliotazama vizazi vikipokezana, wakaona sura ya babu ikichomoza katika uso wa mjukuu. Hata hivyo, misemo hiyo hunyamaza pale mtoto anapozaliwa bila kumshabihi baba wala mama. Wazazi wawili weusi wanapojaliwa mtoto mwenye ualbino, methali haina jibu. Ukoo hutafuta jibu kwingine, na aghalabu hulitafuta kwa mama. Huulizwa alikopita, alichokula na aliyemkosea. Yamkini mama huyo ana binti aliyesoma bayolojia hadi Kidato cha Nne na kufaulu vyema. Binti huyo ana jibu kamili daftarini mwake. Tatizo ni kwamba jibu lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza, ndani ya mraba wenye herufi, naye hajawahi kulitamka kwa lugha ambayo nyanya yake angeielewa.

Makala haya yanashikilia kuwa pengo hilo laweza kuzibwa, tena kwa gharama ya peremende chache. Aidha, yanadai kwamba wanaopaswa kushughulika na pengo hilo si walimu wa bayolojia peke yao. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wamekuwa wakilizungumzia suala la lugha na sayansi kana kwamba ni suala la istilahi tu. Somo la peremende linaonyesha kuwa istilahi ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba sehemu kubwa ni kuipa lugha jambo la kusema.

Katika mtaala wa 8-4-4, jenetiki iliwekwa mwanzoni mwa bayolojia ya Kidato cha Nne. Mada hiyo ilifundishwa kwa wengi kwa njia moja: mwalimu huchora mraba ubaoni, huandika herufi kubwa na herufi ndogo, hujaza visanduku vinne, kisha hutamka uwiano wa tatu kwa moja. Mwanafunzi hukariri uwiano huo na kuurudisha katika karatasi ya mtihani. Ukimuuliza herufi zile ni nini, husema ni jeni. Ukimuuliza jeni ni nini, hukupa fasili. Ukimuuliza kwa nini ndugu wawili wa tumbo moja hawafanani, husita, ilhali jibu limo ndani ya mraba alioujaza muda mfupi uliopita.

Somo la peremende huanza mahali pengine. Darasa la wanafunzi arobaini hugawanywa wawili wawili, na hivyo kuwa na jozi ishirini. Kila jozi hupewa vikombe viwili na peremende nne: mbili nyekundu na mbili za manjano, zote zikiwa zimefungwa kwa karatasi na zenye ukubwa mmoja, ili mkono usiweze kuzitofautisha kwa kugusa. Kikombe kimoja ni baba na kingine ni mama. Kanuni ni tatu. Kwanza, kila mzazi ana peremende mbili, lakini humpa mtoto moja tu. Pili, achaguaye hufumba macho. Tatu, nyekundu hutawala: mtoto mwenye hata peremende moja nyekundu huhesabiwa kuwa mwekundu, na umanjano huonekana tu pale peremende mbili za manjano zinapokutana.

Katika raundi ya kwanza, baba ana nyekundu mbili na mama ana manjano mbili. Wanafunzi huchopoa mara kadhaa na kugundua kuwa hakuna haja ya kuendelea, kwani kila mtoto hupata moja ya kila rangi, na watoto wote huonekana wekundu. Mtu angedhani kuwa umanjano umetoweka. Katika raundi ya pili, kila kikombe hutiwa nyekundu moja na manjano moja. Hawa ni vijana wawili wa kizazi kile cha pili walioposana. Mwalimu mwangalifu ataeleza mapema kwamba wametoka koo mbili tofauti, maana wanafunzi hawatakosa kuuliza. Kila jozi huchopoa, huandika matokeo, hurejesha peremende vikombeni, kisha huchopoa tena hadi mara ishirini. Hapo ndipo manjano huibuka upya. Wazazi wawili wekundu wamezaa mtoto wa manjano, na hakuna aliyetoka nje ya ndoa.

Jozi moja yaweza kupata watoto watano wa manjano kati ya ishirini. Nyingine hupata wawili, na nyingine hupata wanane. Wanafunzi huanza kubishana, kila jozi ikidai kuwa nyingine imekosea kuhesabu. Mwalimu akiyajumlisha matokeo ya jozi zote ishirini ubaoni, watoto huwa mia nne, na idadi ya walio wa manjano hukaribia mia moja. Uwiano wa tatu kwa moja hujitokeza kutokana na vurumai ya mikono iliyofumbiwa macho. Mwanafunzi aliyeupata kwa njia hiyo haambiwi aukariri.

Darasa likiwa na muda, hatua ya tatu ni kuunda mnyama. Vikombe huongezwa kwa ajili ya sifa nyingine: idadi ya macho, urefu wa mkia, kuwepo au kutokuwepo kwa pembe. Kila jozi huchopoa sifa za mtoto wake, kisha humjenga kwa peremende laini na vijiti vya meno. Wanyama wa wazazi walewale hupangwa mezani, na kila mmoja ana sura yake. Swali la ndugu wa tumbo moja hujibiwa hapo, bila mhadhara.

Kuna mambo matatu ambayo mchezo huu huyafunza kuliko ubao. La kwanza linaihusu lugha yenyewe. Kiswahili huuzungumzia urithi kwa sitiari ya damu. Watu ni damu moja, damu nzito kuliko maji, damu zimechanganyika. Sitiari hii hutuaminisha kuwa sifa za baba na mama huchanganyika kama maziwa na chai, na vikishachanganyika haviwezi kutenganishwa tena. Peremende hukanusha dhana hiyo. Nyekundu na manjano zilikaa pamoja kikombeni kizazi kizima bila kuwa rangi ya chungwa, na zikatoka kama zilivyoingia. Vilevile neno urithi limezoeleka katika mirathi, ambako mali humtoka mwenyewe na kugawiwa warithi hadi ikaisha. Mzazi wa peremende hutoa bila kupungukiwa, na kila mtoto hupata sehemu kamili. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayeyaona hayo atakuwa amejifunza somo la semantiki sambamba na somo la bayolojia.

La pili ni tofauti kati ya kinachoonekana na kinachobebwa. Watoto wawili wekundu waweza kufanana kabisa kwa sura, ilhali mmoja ana nyekundu mbili na mwenzake ameficha manjano moja. Huyu wa pili ndiye mbebaji. Neno hili ni jepesi na limeshaanza kutumika, lakini uzito wake haueleweki hadi mtu afungue kikombe na kuona kilichomo.

La tatu ni bahati nasibu, na ndilo lenye gharama kubwa zaidi maishani. Ili kulieleza hilo, yafaa tuutazame ugonjwa wa selimundu, ambao umepewa jina linalofaa, kwa kuwa chembechembe nyekundu za damu ya mgonjwa hujikunja mfano wa mundu. Mtu huupata anaporithi jeni yake kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wakiwa wabebaji, kwa kawaida hawaonyeshi dalili za ugonjwa, na huenda wasijue walichobeba hadi wapate mtoto mgonjwa. Hapo huelezwa kuwa mtoto mmoja kati ya wanne huwa mgonjwa. Kauli hiyo ni sahihi katika hesabu, lakini kwa Kiswahili hupotosha. Mzazi huisikia kama ahadi: mgonjwa ameshazaliwa, basi watatu wajao watakuwa wazima. Akipata mgonjwa wa pili, hudhani amelaaniwa au amedanganywa.

Mwanafunzi aliyerejesha peremende vikombeni mara ishirini hawezi kudanganyika hivyo, kwa sababu mkono wake unajua kuwa kikombe hakikumbuki kilichochopolewa awali. Zaidi ya hayo, wale watoto mia nne waliohesabiwa ubaoni waweza kugawanywa katika familia mia moja za watoto wanne wanne. Hesabu hukadiria kuwa takriban familia 32 hazitakuwa na mtoto wa manjano hata mmoja, 42 zitakuwa na mmoja, na 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Ni chini ya nusu ya familia zinazopata yule mmoja kati ya wanne aliyetajwa. Kutokana na zoezi hilo, darasa lenyewe laweza kupendekeza kauli iliyo bora: kila mimba, bila kujali zilizotangulia, ina uwezekano wa robo. Kauli hiyo haina istilahi hata moja ngeni, lakini inaweza kumfaa mzazi kuliko ukurasa mzima wa fasili.

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili lazima kwanza kikamilishe istilahi zake ndipo kithubutu kufundisha jenetiki. Hoja hii ina uzito. Kila mwalimu akijitungia maneno, wanafunzi wa shule mbili hawataelewana. Hata hivyo, historia ya taaluma yenyewe haiungi mkono mpangilio huo. Gregor Mendel, mtawa aliyeotesha njegere katika bustani ya nyumba ya watawa mjini Brno, alifanya majaribio yake kati ya mwaka 1856 na 1863. Katika jaribio moja alihesabu mbegu 7,324 za kizazi cha pili, akapata 5,474 za duara na 1,850 zilizokunjamana. Aliwasilisha matokeo yake mwaka 1865 na kuyachapisha mwaka 1866, kwa Kijerumani, lugha ya wasikilizaji wake. Hakuwa na neno jeni. Neno hilo lilibuniwa na Wilhelm Johannsen mwaka 1909, miaka 25 baada ya Mendel kuaga dunia. Mendel alikuwa na njegere, daftari na maneno ya kawaida aliyoyapa kazi maalumu, yakiwemo yale ya sifa itawalayo na sifa ijifichayo. Kazi ilitangulia, na istilahi ikaifuata.

Isitoshe, istilahi za Kiswahili hazikukosekana kabisa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya bayolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kuwepo kwa kamusi hiyo hakukuifanya jenetiki ifundishwe kwa Kiswahili katika shule za sekondari, si Kenya tu, bali hata Tanzania, ambako shule za msingi za umma hufundisha sayansi kwa Kiswahili kisha sekondari zikageukia Kiingereza. Neno lisilo na kazi hulala kamusini. Somo la peremende hulipa neno kazi. Mwalimu aweza kuzungumza juu ya jeni tawala na jeni fiche, na wanafunzi wataona mara moja kama maneno hayo yanafaa, kwa kuwa kinachotawala na kinachojificha kiko mikononi mwao. Wakipendekeza maneno mengine, mapendekezo yao yatakuwa na msingi kuliko yale yatokayo katika kikao cha watu ambao hawajawahi kuchopoa chochote.

Pingamizi la pili ni la walimu wa bayolojia. Wanahofia kuwa peremende hurahisisha mambo kupita kiasi. Ni kweli kuwa kimo cha mtu na rangi ya ngozi yake katika hali ya kawaida havitegemei jozi moja ya jeni, bali jeni nyingi pamoja na mazingira. Mwalimu asiyelisema hilo atawaacha wanafunzi wakiamini kuwa kila sifa ni kikombe kimoja. Lakini mraba wa ubaoni una kasoro iyo hiyo, na kasoro nyingine juu yake. Vitabu vingi vilizoea kuwataka wanafunzi wachunguze sifa za jamaa zao, mathalani nani aweza kukunja ulimi na nani hawezi. Uwezo huo ulifunzwa kama sifa ya jeni moja, ilhali pacha wanaofanana kabisa wamepatikana wakitofautiana. Kubwa kuliko hilo ni heshima. Darasani mna yatima, mna mtoto aliyelelewa na baba wa kambo bila kuambiwa, mna aliyeachwa kwa nyanya tangu utotoni. Kumwagiza mtoto huyo alete sifa za baba na mama ni kumvua nguo mbele ya wenzake. Peremende hazina siri ya ukoo, na yeyote aweza kuzihoji bila kumwumiza mtu.

Pingamizi la tatu ni gharama na muda. Iwapo peremende hazipatikani, punje za mahindi za rangi mbili, maharagwe au vizibo vya chupa vitafaa. Faida ya peremende ni kwamba huwavuta wanafunzi, na kwa kuwa zimefungwa kwa karatasi, zaweza kuliwa hesabu ikiisha. Kuhusu muda, zoezi la msingi huweza kutosha katika kipindi kimoja cha dakika arobaini. Mtihani wa bayolojia utaendelea kufanywa kwa Kiingereza, na hakuna anayedai kuwa peremende zitaibadilisha sera hiyo. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: mwalimu wa bayolojia na mwalimu wa Kiswahili washirikiane kwa kipindi hicho kimoja. Wa kwanza asimamie zoezi. Wa pili atoe insha ya kufuatilia: mwanafunzi amweleze nyanya yake, kwa Kiswahili, jinsi wazazi wawili wekundu walivyopata mtoto wa manjano. Nyanya anayezungumza Kijaluo au Kigiriama atatafsiriwa nyumbani, na tafsiri hiyo itakuwa rahisi zaidi kutoka Kiswahili cha vikombe kuliko kutoka Kiingereza cha herufi.

Si jambo la kupuuza kuwa sehemu ya maarifa haya ilichimbwa katika ardhi ya Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na wakati huo akisomea udaktari, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Alikuta wabebaji wa jeni ya selimundu wakiwa wengi Pwani na karibu na Ziwa Viktoria, na wachache sana katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kuwa mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu jeni hiyo ilidumu mahali penye mbu wengi. Kwa maneno mengine, jeni ambayo watu huionea haya iliwasaidia wazee wao kuishi. Damu iliyozaa elimu hiyo ilikuwa ya wananchi, lakini elimu yenyewe ilirudi kwao kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma.

Hapa ndipo wajibu wa Kiswahili unapodhihirika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sherehe za kukitukuza hazikosekani, na makongamano hufungwa kwa maazimio. Hata hivyo, lugha hupimwa pale mtu anapoihitaji. Mama anayelaumiwa kwa sababu ya rangi ya mwanawe anaihitaji. Wachumba wanaojiuliza kama wapime damu kabla ya ndoa wanaihitaji. Watu hao hawatasaidiwa na makala inayothibitisha kuwa Kiswahili kinaweza kueleza sayansi. Watasaidiwa na mtu aliyekwisha kuieleza.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili zingefanya vyema kuwatuma wanafunzi wao wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wakiwa na vikombe viwili na pakiti moja ya peremende. Wayaandike maneno waliyoyatumia wanafunzi, yaliyoeleweka na yaliyokataliwa, na kuyaleta chuoni. Rekodi ya namna hiyo, ikikusanywa kwa miaka michache kutoka shule nyingi, itakuwa msingi wa istilahi ulio imara. Na huenda siku moja, ukoo ukikaa barazani kumhoji mama kuhusu mtoto asiyefanana na yeyote, binti yake atainuka, aombe vikombe viwili, na kumwambia nyanya afumbe macho na kuchopoa.